Madoa meupe ya maji kwenye gari jeusi: yapi yanatoka na yapi hayatoki

"Habari fundi. Nina gari jeusi, nalioshea nyumbani kwa maji ya kisima kwa mpira, mara nyingi mchana nikipata nafasi. Sasa boneti, paa na buti vimejaa alama nyeupe za duara, kama matone yameganda. Nimesugua kwa sabuni ya vyombo hazitoki, dawa ya meno imetoa chache ila imeacha mikwaruzo. Jirani anasema nichanganye siki na magadi soda. Mwingine anasema ni jua, kila tone la maji linageuka lenzi na kuunguza rangi. Nimeenda kwa muuza seramiki, ile dawa ya kupaka juu ya rangi kuikinga, akaniambia nikipiga seramiki sitaona doa tena maisha. Naomba unieleze ukweli, nianzie wapi, na je rangi yangu imeshaharibika?"

Habari nzuri ndugu yangu, na pole, maana gari jeusi halifichi kitu, doa ambalo kwenye gari jeupe usingeliona mwaka mzima kwenye jeusi unaliona ukiwa bado geti hujafungua. Swali lako la mwisho ndilo la muhimu kuliko yote, kama rangi imeshaharibika au bado, na jibu ni kwamba inawezekana zote mbili kwa pamoja: kuna madoa yamekaa juu tu ya rangi na kuna mengine yameshaingia ndani, kwa macho yanafanana kabisa ila dawa zake ni tofauti. Ndio maana dawa ya meno "ilitoa chache".

Tuanze na hayo meupe ni nini. Maji ya kisima yakipita kwenye miamba yanabeba madini, hasa kalsiamu na magnesiamu, yameyeyuka humo huwezi kuyaona, maji yanaonekana safi kabisa. Hayo ndiyo maji magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu vizuri. Kwa kipimo, maji yenye zaidi ya miligramu 120 za hayo madini kwa lita, yakipimwa yote kama chokaa, yanahesabiwa kuwa magumu, yakipita 180 ni magumu sana. Sasa tone likikauka juu ya boneti, maji yanapanda hewani, madini hayana pa kwenda yanabaki, na kalsiamu yake inageuka kuwa chokaa, ileile unayoikuta imeganda ndani ya birika la chai. Na ukiangalia kwa karibu utaona doa lina ukingo mweupe mzito na katikati pamefifia, hiyo ni kwa sababu tone likikauka ukingo wake unang'ang'ania palepale, maji ya katikati yanasukumwa kuelekea pembeni na yanabeba madini kuyapeleka huko. Kwa hiyo ukiona duara ujue ni tone lilikauka lenyewe bila kufutwa, basi, hakuna uchawi.

Hilo la lenzi limeenea sana ila halishiki. Tone lililokaa bapa juu ya rangi linakusanya mwanga kweli, lakini mahali mwanga unapokutana ni mbali chini ya uso wa rangi, sio pale juu, na tena tone lenyewe ni maji, linapoza. Jua lina kosa lake lakini ni lingine: linakausha haraka kabla hujafika na taulo, na linapasha bati. Boneti nyeusi juani inakuwa ya moto kiasi kwamba mkono haukai, na ile klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi linalong'aa, ni plastiki fulani, ikipata joto inalegea kidogo. Hapohapo tone linazidi kupungua na kilichomo ndani yake kinazidi kukolea, madini pamoja na uchafu wowote wa hewani uliokuwa juu ya gari, moshi, vumbi la viwanda, vingine vina asidi. Ikijirudia wiki baada ya wiki kinachotokea ni kwamba klia inaliwa, panabaki kishimo kidogo chenye umbo la tone. Kishimo hicho hakina kitu cha kuyeyusha, unaelewa? Unaweza kumwaga siki ndoo nzima, chokaa itaisha na kishimo kitabaki kinakutazama, kwa sababu pale kuna kitu kimepungua, hakuna kilichoongezeka.

Sasa hizo dawa za mtaani. Sabuni ya vyombo kazi yake ni mafuta, chokaa sio mafuta, kwa hiyo utasugua mpaka jioni na utakachofanikiwa ni kuondoa waksi kama ilikuwepo. Dawa ya meno ina unga wa kusugulia, inakwangua chokaa na inakwangua klia pia, na kwa kuwa hujui unga wake ni mkali kiasi gani ndio unapata hiyo mikwaruzo uliyoiona, usirudie. Siki na magadi soda kwa pamoja ndiyo inanichekesha zaidi, maana siki ni asidi na magadi ni kinyume chake, ukivichanganya vinapambana vyenyewe kwa vyenyewe, povu linatoka kwa kelele unadhani kazi inafanyika, kumbe povu likitulia umebaki na maji yenye chumvichumvi ambayo hayayeyushi chochote. Jirani yako yuko sahihi nusu: siki peke yake inafanya kazi, magadi aache jikoni. Na yupo atakayekuambia upake mafuta ya taa au dizeli, gari litang'aa kweli kwa siku mbili kwa sababu mafuta yanajaza na kufunika, vumbi likishika utarudi palepale tena na uchafu juu.

Kabla ya kupaka chochote fanya uchunguzi, hauchukui muda. Osha gari vizuri kwa shampuu ya magari, likaushe, liingize kivulini bati lipoe. Chukua mfuko wa plastiki mwembamba, vaa kama glavu, pitisha ncha za vidole taratibu juu ya madoa. Mfuko unafanya vidole visikie zaidi, utashangaa. Ukisikia vipele, kama mchanga mdogo umegandia, hiyo ni chokaa iko juu, habari njema. Kama panateleza kabisa na bado jicho linaona duara, chukua tochi ya simu uimulike kwa upande, ukiona duara limedidimia, ukingo unashika kivuli, hiyo imeshakula klia. Pitisha na ukucha kwa wepesi sana, usikwaruze: ukucha ukikwama kwenye ukingo wa hicho kishimo, kimeenda chini na hiyo sio kazi ya nyumbani tena, nitairudia. Fanya hivi sehemu kadhaa, maana paa na boneti huwa hali mbaya kuliko milango, ni pale maji yanapolala na jua linapopiga.

Kama ni vipele, anza na siki. Siki nyeupe ile ya kawaida ya asilimia 5, sio ya rangi, changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, yale safi ya kuongezea kwenye betri yanafaa, sio asidi ya betri, maana ukichanganyia maji yaleyale ya kisima unaipa siki kazi kabla hata haijafika kwenye gari. Usipulizie gari zima. Lowesha kitambaa cha maikrofaiba, kilaze juu ya madoa, kiache dakika moja au mbili kikiwa kimelowa, kisha futa kwa mkono mwepesi bila kukandamiza, mwagia maji mengi, nenda sehemu inayofuata. Kivulini, bati la baridi, na isikaukie juu, haya matatu ndiyo kila kitu, siki ikikaukia kwenye bati la moto inaweza kuacha alama yake yenyewe halafu tutaanza mjadala mwingine. Ukimaliza osha tena eneo lote kwa shampuu kuondoa asidi, na kausha kwa taulo.

Doa likibaki rudia mara moja, mara mbili, hapo simama. Watu wengi wanaharibu hapa, wanaona imeanza kutoka wanaongeza siki bila kuchanganya, wanaiacha dakika kumi, wanaleta na ndimu. Ndimu ni asidi pia ila ina sukari na nyuzinyuzi, inanata, mi siipendi kwenye gari. Kama siki haikutosha kuna dawa maalumu za madoa ya maji za magari, nyingi ni asidi laini zilizotengenezwa zisidhuru klia, tumia kwa maelekezo ya kwenye chupa na vaa glavu. Ila soma hicho kilichoandikwa: ukikuta ina asidi ya hidrofloriki au bifloridi ya amonia iache dukani, hiyo inapatikana kwenye baadhi ya dawa kali za rimu, inayeyusha madoa kweli lakini inapenya ngozi na kudhuru mpaka mifupa, na mwanzoni unaweza usisikie hata maumivu. Kingine, siki isikutane kabisa na dawa ya kufulia yenye klorini, hata kwenye ndoo ambayo haikusuuzwa, inatoa gesi ya sumu.

Kuna madoa mengine yatakuwa yamelainika ila yanakwaruza bado kidogo. Hapo unatumia ule udongo wa kusafishia rangi ya gari, wengi wanauita klei. Unaukanda uwe bapa, unapuliza kilainishi chake au maji yenye shampuu nyingi, unautelezesha kwa mistari iliyonyooka bila nguvu, na kila baada ya muda unaukunja upate upande safi. Ukianguka chini hata mara moja tupa, usihurumie hela, umeshashika mchanga na ukiurudisha kwenye gari jeusi utachora ramani.

Vile vishimo sasa. Kwa vile ni upungufu, njia pekee ni kushusha klia inayozunguka mpaka ilingane na chini ya kishimo, ndiyo kazi ya polishi. Na hapa lazima nikueleze bajeti uliyonayo, sio ya hela, ya unene. Rangi yote ya kiwandani kuanzia bati mpaka juu mara nyingi ni kati ya mikroni 100 na 150, na klia humo ndani ni mikroni 35 mpaka 50 hivi, yaani kama milimita 0.04. Ndani ya hiyo klia ndimo ilimo kinga dhidi ya miale ya jua. Polishi laini inachukua kidogo sana, chini ya mikroni moja kwa kawaida, kompaundi kali, yaani polishi yenye unga mkali wa kukwangua, na pedi ngumu inachukua kadhaa, msasa unachukua zaidi. Hairudi. Na gari lako umenunua au umelipata hujui lilishapigwa kompaundi mara ngapi na nani huko nyuma, kwa hiyo unachota kwenye pipa ambalo hujui lina maji kiasi gani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na wapo mafundi hawatakubaliana nami: kishimo kidogo unachokiona kwa tochi tu, kiache. Kweli kabisa, kiache. Vile vinavyoonekana hata bila tochi, piga polishi laini kwa mkono au kwa ile mashine inayozunguka huku inayumba, ambayo ni ngumu kuunguzia rangi, ujaribu kwanza kieneo kidogo cha ukubwa wa kiganja mara mbili, uone imetoka asilimia ngapi. Ikitoka nyingi ridhika, endelea hivyohivyo gari zima. Ukingo wa kishimo ukilainika mwanga haushiki tena pale na jicho linapita bila kuona, hata kama kishimo chenyewe bado kipo. Kukimbiza ukamilifu kwenye gari la kila siku litakalooshwa wiki ijayo ni kuila klia bure. Hiyo mikwaruzo ya dawa ya meno polishi laini inaweza kuifuta yote, usiwe na wasiwasi nayo.

Mpelekee fundi wa rangi au wa detailing, yaani wa kusafisha na kung'arisha magari, alione kwa macho yake kama ukucha unakwama, kama klia imeanza kubabuka au ina nyufa kama za tope lililokauka, kama kuna sehemu ilishapigwa rangi upya, au kama ukisugua kidogo kitambaa kinatoka cheusi, maana hiyo inaonyesha rangi haina klia juu na kila unachosugua ni rangi yenyewe inaondoka. Gari la rangi isiyong'aa nalo usiliguse na polishi, utapata mabaka yanayong'aa na hayarudi. Ukifika kwa fundi muulize kama ana kifaa cha kupima unene wa rangi. Kile kifaa cha kawaida kinatoa unene wote kwa pamoja, hakitenganishi klia, ila kinamwonyesha wapi pamekuwa pembamba kuliko penzake na wapi pamenenepa kwa rangi ya pili. Akikujibu anajua kwa uzoefu tu na ameshika tayari ile mashine kubwa inayozunguka upande mmoja, mshukuru uondoke.

Haya, huyo muuza seramiki. Hakukudanganya kila kitu ila hilo la maisha hapana. Waksi inakaa wiki kadhaa mpaka miezi miwili hivi, silanti za kisasa, zile kinga za kutengenezwa kiwandani zinazopakwa kama waksi, miezi kadhaa, seramiki ikipakwa vizuri inakwenda mwaka na zaidi, na zote zinafanya kazi moja, zinaweka kitu kati ya madini na klia ili doa likae juu ya hicho kitu na litoke kirahisi. Ila kuna jambo wauzaji wanaliruka. Wanakuonyesha video maji yanavyojikusanya kuwa vijitone vya mviringo, inapendeza kweli, sasa fikiria kile kijitone kikikauka kwenye boneti ya moto: madini yake yote yamekusanyika kieneo kidogo, doa ni dogo lakini zito. Gari lenye seramiki likioshwa kwa maji yako ya kisima mchana na kuachwa lijikaushe litapata madoa, na mengine yatang'ang'ania hiyo seramiki mpaka uilete polishi, na polishi inaondoa seramiki uliyoilipia. Halafu ukiipaka sasa hivi kabla ya kutoa madoa unayafungia ndani. Seramiki ni nzuri kwa mtu ambaye tayari anakausha gari lake, asiyekausha aanze na waksi na taulo kwanza, hela yake ikae.

Kwa sababu kinga yenyewe hasa iko kwenye kukausha. Acha kuosha mchana, osha asubuhi mapema au jioni, kivulini, bati likiwa limepoa. Osha kipande kwa kipande, na usiache kipande cha kwanza kikauke wakati uko kwenye tairi la nyuma, lowesha tena. Mwisho kabisa toa kile kichwa cha kupulizia kwenye mpira, acha maji yatiririke kwa wingi na kwa upole kutoka juu ya paa kushuka, utaona yanaondoka kama shuka na kuacha matone machache sana, hapo taulo kubwa ya maikrofaiba inamalizia kwa kulazwa na kuvutwa, sio kusuguliwa. Kisha fungua milango na buti, futa kingo, na usisahau vioo vya pembeni na vitasa, vinaficha maji ambayo yanaanza kudondoka na kuchora michirizi ukishaondoka.

Ukiweza kupata maji laini ya kusuuzia mwisho, hata ndoo moja tu, utapunguza tatizo sana. Maji ya mvua yaliyokingwa safi yana madini machache. Kuna chujio la rezini linaloondoa madini yote, unalifunga kwenye mpira, hilo hata usipokausha haliachi kitu, ila rezini inaisha na maji magumu kama yako yataimaliza upesi, kwa hiyo tumia kwa kusuuzia tu. Usichanganye na ile mitambo ya kulainisha maji ya nyumbani, ile haiondoi madini, inabadilisha kalsiamu kwa sodiamu, doa litabaki kuonekana ila linafutika kwa kitambaa chenye unyevu, ambayo kwa hali yako bado ni nafuu. Kuchemsha kunapunguza chokaa kiasi, lakini nani atachemsha maji ya kuoshea gari.

Angalia pia gari linalala wapi. Mpira wa kumwagilia majani ukilirushia gari kila asubuhi ni uleule mkosi wa maji ya kisima, na hapo hakuna wa kukausha. Umande nao, wenyewe hauna madini, ila ukitua juu ya vumbi unayeyusha kilichomo na kukauka nacho jua likitoka. Ukikuta madoa mapya yafute siku hiyohiyo au kesho yake, kwa kitambaa kilicholowa maji yenye shampuu, yakiwa machanga mengi hayahitaji hata siki.

Vioo umeviacha kwenye swali lako lakini najua navyo vimechafuka. Siki ileile inafaa kwa kioo cha mbele na vya pembeni, ila kama vimebandikwa tinti kwa ndani usiilowanishe tinti. Taa za mbele ni plastiki yenye klia yake, ziende kwa utaratibu ule wa rangi, sio wa kioo. Kioo kikiwa kimeshaliwa na chokaa kuna polishi ya oksidi ya seriamu, inafanya kazi polepole sana, na kwa kioo cha mbele usisugue sehemu moja kwa muda mrefu ukaanza kuona vitu vinapinda ukiwa umekaa kwenye usukani. Ikifikia hapo mpelekee fundi wa vioo, na badilisha raba za waipa pia, zile za zamani zimeshabeba chembe za chokaa na zinaendelea kukwaruza kila mvua ikinyesha.